Umande wa Chumvi

Siku Aikande Swai alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha ndani, alikuja kazini na maandazi ya kuwagawia wenzake. Cheo kilikuwa kimekuja baada ya miaka kumi na minne ya kusoma vipimo, na usipojipongeza mwenyewe utamsubiri nani? Wakayala, wakamtania kwamba kuanzia leo hataitikia tena salamu za watu wadogo, kisha kila mmoja akarudi mezani kwake. Aikande akaufungua mlango ambao miaka yote hiyo alikuwa akiupita tu akienda chooni.

Ndani hakukuwa na maajabu. Meza moja, kiti kimoja, na kioo kikubwa cha Kinusi ukutani.

Kinusi hakuna mtoto wa shule asiyekijua. Ni kidude cha ukubwa wa boga, kimefukiwa katika kila mfereji wa majitaka na kila shimo la choo cha umma, kinaonja kinachopita na kupeleka habari Dodoma, makao makuu ya Taasisi ya Kinga. Majina ya watu hakiyajui. Kinajua wamekula nini, wamemeza dawa gani na wamebeba vijidudu gani, na kwa hiyo Taasisi ilikuwa ikijua homa imeingia mtaani kabla mgonjwa mwenyewe hajaomba blanketi. Hiyo ndiyo nusu ya kazi. Nusu nyingine ni Umande. Mara nne kwa mwaka, alfajiri, ndege ndogo zinazovuma kama nyuki hupita juu ya mapaa zikimwaga ukungu wa chanjo, na watu hutoka nje wakauvuta kwa pua na mdomo. Ni mchungu kama mwarobaini. Watoto hupewa kipande cha sukari guru baada ya hapo, na wale watundu huzunguka nyuma ya nyumba wakarudi kudai cha pili.

"Kinga ni bora kuliko tiba," yanasema maandishi ya langoni, na safari hii kibao cha serikali kilikuwa kinasema kweli. Wauguzi vijana walikuwa wanaijua surua kwa picha tu. Aikande aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na aliyekuwa mume wake alimwambia hivyo siku anafunga mizigo.

Kwenye kioo cha chumba cha ndani kulikuwa na kituo kimoja ambacho vioo vya nje havikuwa nacho. Hakikuwa na jina la wilaya wala la kata. Kiliandikwa Mwonjaji, watu 4,112, na asubuhi hiyo kilikuwa chekundu. Watu sita walikuwa na Homa ya Tope, ile inayozuiwa na Umande, na kirusi chenyewe kilikuwa kimejibadilisha kidogo.

Alianza kama alivyoanza kila siku kwa miaka kumi na minne, kwa kusoma chakula. Ndizi. Maharage. Ulezi, mwingi, na mwingi zaidi siku za Jumamosi. Halafu akafika kwenye msesewe, na kidole chake kikasimama juu ya kioo.

Msesewe ni gamba la mti. Ni chungu, hakuna anayelila kwa hiari, na kazi yake kubwa ni moja tu, kutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ikaiva vizuri. Aikande alikuwa amelitwanga tangu akiwa na miaka saba. Akajiambia mlimani kwao kuna kata nyingi. Lakini Kinusi kinaweza kuficha jina, ndege haziwezi, lazima zijue zinatua wapi. Akafungua ukurasa wa safari za Umande. Kituo cha kutua: uwanja wa shule ya msingi Nkwamaro.

Aikande alijifunza kusoma katika shule hiyo. Mama yake anakaa hatua mia mbili kutoka uwanja huo.

Karibu na kila safari huandikwa mzigo uliobebwa. Safari ya mwezi wa nne: maji, chumvi. Ya mwezi wa kwanza: maji, chumvi. Akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi mitano, akarudi mpaka safari ya kwanza kabisa, miaka kumi na minane iliyopita, Umande ulipotoka mijini kwa mara ya kwanza kwenda milimani. Safari sabini na moja. Maji, chumvi. Maji, chumvi.

Kila alipopiga simu nyumbani baada ya Umande, mama yake alimwambia uleule wimbo, "Mwaka huu umetujaza chumvi midomoni, mwanangu, mtapunguza lini?" Na yeye, msomaji wa vipimo wa taifa zima, alikuwa akicheka na kumwambia ulimi umezeeka, mama. Hakuwahi kuwepo kijijini siku ya Umande, maana siku hizo ndizo za kazi nyingi kuliko zote. Miaka kumi na minane aliambiwa ukweli kwa simu, na kila mara aliucheka.

*

Dkt. Kalunde Mihayo, mkurugenzi, alikuwa anamenya chungwa. Alimwona Aikande mlangoni, akaangalia saa.

"Dakika arobaini," alisema. "Aliyekutangulia alichukua wiki mbili. Kaa, mwanangu."

"Shikamoo," Aikande alisema, kwa sababu mdomo ulizoea, kisha akaona aibu kwamba ameamkia. "Nkwamaro hawajawahi kupata chanjo."

"Marahaba. Hawajawahi."

Alivyolisema! Kama mtu anayeulizwa kama mvua imenyesha. Aikande alitegemea akatae, apaze sauti, atafute pa kutokea. Hakuwa amejiandaa kwa mama mtu mzima anayeondoa mbegu za chungwa moja moja na kuzipanga kwenye kisahani.

"Mwaka wa tatu wa Umande ulikuwa wapi?" Dkt. Kalunde aliuliza.

"Chuo. Hapahapa."

"Basi unakumbuka. Mwili wenye Umande hauumwi, lakini kirusi kinapita ndani yake kimyakimya. Mtu hakohoi, hana joto, Kinusi hakinusi kitu, na kumbe kirusi kinajifunza. Kikishajifunza, kinatokea kwa watu wote wiki moja. Tulizika watu laki mbili kwa siku arobaini, na sote tulikuwa tumechanjwa. Baada ya hapo tukajua: ili tukione mapema, lazima pawe na mahali ambapo bado kinaweza kumwangusha mtu kitandani. Wakiugua sita pale, Jiko linapika Umande mpya kwa siku kumi na moja, na nchi inapona. Tumefanya hivyo mara tano."

Jiko ni maabara ya Taasisi. Siku za dharura hata wasomaji wa vipimo huitwa huko kusaidia.

"Kwa nini wao?"

"Mashine ilichagua. Ilitaka watu wasiohamahama, na watu wanaofuatana. Kwenu, mtu asipofika kwenye mbege Jumamosi, anafuatwa nyumbani siku hiyohiyo kuulizwa ana nini. Au nimekosea? Nchi nzima hapakuwa na kata nyingine yenye tabia hiyo kiasi kile. Mgonjwa hafichiki."

Yaani walichaguliwa kwa sababu wanapendana.

"Wamekufa wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Zahanati yao ni bora kuliko ya wilaya, tuliwajengea makusudi." Dkt. Kalunde aliliacha chungwa. "Usiniulize ni akina nani, Aikande."

Lakini hesabu ilikuwa imeshaanza kichwani, na hesabu ikianza haiombi ruhusa. Mara tano. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa nane, miaka kumi na moja iliyopita, na Aikande alikuwepo Jikoni. Walipika Umande mpya kwa siku kumi na moja bila kulala sawasawa, na ulipotoka walipiga vigelele, wakapikiwa pilau, na yeye alicheza mpaka kiatu kikakatika. Kesho yake aliitwa nyumbani. Baba yake, mzee Ndetaulwa Swai, alikuwa amefariki. Mapafu, walisema zahanati.

"Baba yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilikuja msibani. Niliweka shada."

Aikande alikumbuka shada lile. Lilikuwa kubwa kuliko yote, na ukoo mzima ulisifu jinsi Taasisi inavyowathamini watu wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini hawakusema la kufanya ukigundua kwamba nguo umeishona mwenyewe.

"Kesho alfajiri ni Umande," alisema. "Huu tulionao hauzuii homa hii mpya, lakini unazuia kifo kwa tisa kati ya kumi. Wapeni."

"Tukiwapa, tumejitoboa macho. Watu milioni tisini, Aikande. Niambie wewe wa kuwaweka mahali pao." Alimsogezea nusu ya chungwa. "Na usiwaambie. Wakijua watakimbia, na watakimbia na kirusi. Saa tisa tutaweka sahihi ratiba ya kesho. Sasa ni kidole chako na changu."

*

Alimpigia mama yake akiwa amesimama nyuma ya tangi la maji, mahali wanapovutia sigara wanaodai wameacha.

"Umepata cheo!" Mama alipokea kwa kelele. "Nimeshawaambia wote kanisani. Nimewaambia kesho mkivuta Umande, mjue anayeutuma ni mwanangu."

"Mama, nani anaumwa huko?"

"Nani amekuambia? Kaka yako Eliapenda hakufika Jumamosi, tukamfuata, tukamkuta anatetemeka. Na wale wa kwa mama Foya. Ni baridi tu, kesho Umande utawasafisha. Nitawatoa nje hata kwa mbeleko."

Aikande aliuma kidole. Alitaka kusema kimbia. Alitaka kusema usimguse Eliapenda. Akayaona maneno yake yakishuka mlima pamoja na kirusi, yakiingia stendi, yakipanda mabasi.

"Wewe mwenyewe hujambo?"

"Mzima, nimechoka tu. Tulikuwa na ubatizo, mitungi minne ya mbege nimeonja mimi mwenyewe mmoja mmoja."

"Kwa umri wako, mama? Ungemwachia mtu aonje."

"Mtu gani?" Mama alikasirika kwelikweli. "Mbege ni yangu, nimeipika mimi, nimewaalika mimi. Anayekaribisha ndiye anayetoa sumu. Nimpe mgeni kata ya pombe aonje kwanza, kama ina kitu afe yeye? Dodoma imekusahaulisha adabu, Aikande. Hata baba yako, na uvivu wake wote, hakuwahi kumnywesha mgeni kabla yake."

Aikande alisema ndiyo mama. Alisema atapiga kesho. Akabaki nyuma ya tangi, uso umeegemea bati lenye joto, akilia kwa sauti bila kujali nani atamwona.

*

Ratiba ya Umande ni ukurasa mmoja. Kila kata ya nchi ina mstari wake, na chini kabisa kuna kisanduku kimoja kilichoandikwa Mwonjaji, cha mahali patakapopewa maji na chumvi. Aikande alijaribu kukiacha kitupu, mashine ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa tena. Aliwaza mwaka wa tatu, malori ya jeshi yaliyobeba maiti usiku na mchana, na akajua kwamba hata mashine ingekubali, yeye asingeweza kukiacha. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Dkt. Kalunde hakuwa amemdanganya.

Katika orodha ya namba za kata na mitaa akatafuta namba moja, akaiandika kwenye kisanduku. Mashine ikauliza: una hakika? Akajibu ndiyo.

Saa tisa kamili Dkt. Kalunde aliingia na miwani ikiwa juu ya kichwa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameweka dole gumba kwenye ukurasa huo bila kuusoma. Asome nini, na kisanduku hakijawahi kubadilika? Akanyoosha mkono vilevile, huku akiuliza kama maandazi ya asubuhi yamebaki.

Ilikuwa imebaki inchi moja. Aikande angeweza kunyamaza. Dole lingegusa, ndege zingeondoka, na Nkwamaro ingepona bila neno hata moja kusemwa. Ndivyo walivyofanyiwa wao, gizani, na mtu aliyeshiba.

"Soma kwanza," alisema.

Dkt. Kalunde alishusha miwani. Alisoma.

"Hii ni Mtaa wa Kinga."

"Ndiyo."

Mtaa wa Kinga ni nyumba za wafanyakazi wa Taasisi, upande wa pili wa barabara. Watu elfu tatu na mia tisa, na choo kila nyumba.

"Una wazimu? Wewe mwenyewe unakaa pale. Elinami wako ana miaka minane!"

"Najua umri wa mwanangu. Kinga yetu ya sasa inaisha wiki hii. Tunafuatana vya kutosha, kila mtu anajua mwenzake amekohoa saa ngapi. Na hospitali iko getini. Kwetu mgeni haonji, daktari. Anaonja mwenye mtungi. Huu mtungi ni wetu."

Mkono wa Dkt. Kalunde ulikuwa umeshaingia mfukoni, simu ikawa sikioni akimpigia binti yake anayekaa naye, na Aikande akasikia kila neno.

"Mwaju? Wachukue watoto uende nao kwa shangazi yao Tabora. Leo. Usiniulize kwa nini, nimesema leo!"

Akakata. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aikande hakuusema msemo huo, hapakuwa na haja. Mama yule alikuwa anaitazama simu yake mkononi kama mtu aliyejikuta ameshika kitu cha wizi.

"Sikufikiri hata kidogo," alisema taratibu. "Mkono ulikwenda wenyewe."

"Nimeona."

"Miaka kumi na minane nalala usingizi mzuri, Aikande. Nilidhani ni kwa sababu niko sahihi."

Alikaa chini kwenye kile kiti kimoja. Kisha Dkt. Kalunde akapiga tena namba ileile.

"Mwaju. Ngoja, usiondoke bado. Saa kumi na moja nitazungumza kwenye kipaza sauti cha mtaa, nisikilize pamoja na wengine, halafu uamue wewe mwenyewe. Watoto ni wako."

Akaweka dole gumba kwenye ukurasa. Aikande akaweka lake pembeni.

*

Saa kumi na moja jioni mkurugenzi wa Taasisi ya Kinga aliwaambia watu wake kila kitu, kwa dakika sita, bila karatasi. Alitaja Nkwamaro kwa jina. Alitaja thelathini na mmoja. Alisema anayetaka kuondoka aondoke, hatafukuzwa kazi, na anayebaki ajue anabakia nini. Kwanza hakuna aliyetoka nje. Halafu mlango mmoja ukagongwa kwa nguvu, mtu akatukana, na magari yakaanza kuwashwa.

Aikande alifunga begi la Elinami, akaliweka mlangoni. Baadaye akalifungua, akarudisha nguo kabatini. Baadaye akalifunga tena. Mtoto alikuwa amekaa kitandani anamwangalia.

"Bibi aliulizwa kama anataka kuondoka?" aliuliza.

"Hapana."

"Babu?"

"Hapana, mwanangu."

Elinami akashuka, akalifungua begi mwenyewe. Aikande alijua kwamba mtoto wa miaka minane hajui anachofanya, na kwamba mama yake anajua, na hakumzuia. Kama ni dhambi, aliibeba akiwa macho.

Alfajiri ndege zilikuja zikivuma juu ya mapaa. Nusu ya nyumba za Mtaa wa Kinga zilikuwa na kufuli. Mbele ya nusu iliyobaki watu walisimama na kanga na makoti yao, hawaongei, nyuso zimeinuliwa. Dkt. Kalunde alikuwa barazani kwake na wajukuu wawili, mmoja kila mkono. Hakuna aliyejua kama nusu itatosha. Aikande hakujua kama nusu ile itabaki mpaka Jumamosi.

Ukungu ukashuka. Elinami akauvuta kwa nguvu, kama alivyozoea, macho ameyafumba akingojea uchungu. Akayafumbua. Akajilamba midomo, akamgeukia mama yake akiwa na kipande cha sukari guru mkononi, hajui akifanyie nini.

Simu ikalia mfukoni mwa Aikande.

"Mwanangu!" Mama yake alikuwa anakohoa na kutema, na nyuma yake zilisikika sauti za mtaa mzima zikilalamika. "Mmetia nini humu leo? Mchungu! Watoto wanalia, Eliapenda ametapika. Miaka yote mmetupa ule mzuri wa chumvi, leo tumewakosea nini?"